Siombi Radhi kwa Kusalimia

Dodoma, Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na ukuta wa jikoni umekandikwa, au mvua itawakuta hivyo hivyo? Sisi huku wazima, ila vumbi tunalila asubuhi na jioni.

Barua uliyomwandikisha dada Mwanaidi imenifika. Unanisihi nimwombe radhi Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, nisije nikapoteza kazi yangu ya ukalimani. Mama, nakuheshimu sana, lakini hilo sifanyi. Hukusimuliwa yote.

Mwezi uliopita alikuja bomani Mzee Chilongani, Mgogo wa Msalato, kulalamikia dume lake la ng'ombe lililokamatwa. Wenyeji wa huku hawaelezi shida kabla ya salamu. Basi nikamwamkia kwa Kigogo alichonifunza mkweo, nikamuulizia watoto, mvua, ng'ombe. Naye akaniuliza yangu, mpaka wewe akakuulizia: mama yako huko Muheza ana hali gani? Hapo Bwana Shauri akapiga meza. "Stop that chatter!" Yaani tuache kupayuka ovyo. Akaniamuru nimfasirie mzee.

Neno hilo nalijua vizuri. Kila asubuhi yeye na daktari hukaa barazani wakiongea habari za mvua na mbwa wao, na watu wamepanga foleni juani. Hiyo ni "chat", maongezi ya watu wastaarabu. Wake zao wakisengenya watu kwenye chai ni "gossip", na wanaichekea tu. Lakini "chatter" nilimsikia akiwaambia tumbili waliovamia mahindi ya bustani yake.

Nikamwambia, "Hilo sifasiri, Bwana. Mzee huyu anamuulizia mama yangu."

Akaniuliza kama nimepata wazimu. Mzee hakuhitaji mkalimani kujua kwamba anafukuzwa. Alichukua fimbo yake akaondoka, na dume lake bado limefungwa. Mimi nimepewa mpaka Jumatatu hii: niombe radhi au nitafute pa kwenda.

Karani mwenzangu ananiambia, "We nyamaza, bwana, ule mshahara wako." Nimekwisha nyamaza vya kutosha. Naogopa, sikufichi. Lakini wakinifukuza nitabeba magunia ya karanga pale stesheni, na huko nitaongea na wapagazi wenzangu mpaka koo likauke.

Jana nilikwenda Msalato kwa baiskeli kumwomba Mzee arudi, naye amekubali. Jumatatu tunaingia pamoja. Nitamsalimu Bwana Shauri, nimuulizie mkewe, na pia watoto wake walioko Ulaya, nimngoje ajibu. Kisha nitamgeukia Mzee Chilongani na kumuuliza ng'ombe wameamkaje, na hatutafupisha hata kidogo.

Nisalimie dada Mwanaidi, mjomba fundi viatu, na yule bibi jirani anayekuchotea maji. Mkweo anakuamkia.

Na niandikie upesi hali ya mguu wako. Mzee Chilongani aliuliza, na siku ile sikuachiwa nafasi ya kumjibu.

Mimi mwanao, mkaidi wako yule yule,
Hamisi