Upande wa Pili wa Karatasi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nakwa tu wazima, ng'ombe wa mama yako amezaa, na babu yako bado anagombana na redio.

Unauliza kwa nini niliacha tamthilia nikaandika riwaya za kutisha. Nani kakwambia niliacha?

Miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, niliandika tamthilia kuhusu meneja wa duka anayeficha sukari hiyo. Afisa mmoja akaipiga marufuku kabla hatujaigiza. "Mama Yohana," akaniambia, "andika vitu visivyomgusa mtu. Andika hata mizimu."

Nikaandika mizimu. Karatasi zilikuwa hazipatikani mjini, kwa hiyo riwaya yangu ya kwanza, ya maiti anayerudi kupanga foleni, niliiandika nyuma ya karatasi za tamthilia ile ile, nikazishona kwa uzi. Watu wakaazimana kitabu mpaka kijiji cha Singe, na kila aliyefunua ukurasa alikutana na meneja wangu.

Siku moja afisa yule akaja nyumbani, kitabu kiko kwapani. "Chana hiyo tamthilia yako," akaniamuru.

Nikamwambia, "Chana mwenyewe. Ila mwisho wa maiti uko nyuma yake."

Alikuwa hajafika mwisho. Aliketi kizingitini akasoma mpaka jua likamhama, kisha akanirudishia kitabu bila kunitazama usoni.

Kipo kabatini, hakijapungua hata karatasi moja. Ukija likizo, kisome pande zote mbili.

Bibi yako