Antena ya Baba

Ilembo, Mpanda
Juni 1975

Kaka yangu Telesphor,

Barua yako ya Pasaka tuliipata, na sisi tunaamka vizuri. Mpunga tumevuna. Mwanaiddi wa dukani bado anakuulizia.

Baba ameacha mizinga yake ya nyuki kule Ugalla. Siku hizi jioni anamsaidia Bruda Gelasius wa misioni, mwenye redio inayonasa sauti ya setilaiti ikipita juu yetu. Baba ndiye anayeshika antena, fimbo yenye vyuma kama miiba ya samaki. Anaigeuza taratibu akiifuata ile sauti, nyembamba kama ya kifaranga, mpaka inazama nyuma ya msitu. Nikimtazama naona kama anga lote limefungwa kwenye fimbo ile, naye analivuta polepole.

"Chombo hiki hakipotei," huwa anasema. "Kesho kitarudi."

Alinikataza kukuandikia hili, lakini tangu Kwaresima haoni kabisa.

Jana sauti ilizama, Bruda akazima redio. Treni ya Kaliua, ile uliyoondoka nayo, ikapiga honi kwa mbali. Baba hakuishusha antena. Aliigeuza upande wa stesheni, akatulia, akasikiliza.

Mdogo wako,
Pelagia