Televisheni Imemuua Pulchérie

Uwera! Pulchérie wetu, televisheni imemuua leo mchana!

Sikia. Alitualika kwake tutazame kipindi cha kumusherehekea yule mwimbaji mukubwa ambaye Pulchérie alikuwa anamuitikia nyimbo zamani. Picha ya Pulchérie ikatokea, kijana, anacheka. Tukapiga makofi. Halafu mutangazaji akasema, "Marehemu Pulchérie, Mungu amulaze pema."

Marehemu! Na yeye iko pale, sahani ya viazi mukononi!

Sisi tulicheka. Yeye akasema tu, "Mama." Mama yake iko Goma, macho hayaoni tena, ana presha, na kipindi kile hangekosa kukisikiliza. Akapiga simu, haipiti. Akapiga tena, haipiti. Akatoka mbio na kandambili, mi nyuma yake, mpaka Grande Barrière, pale mpakani tunapovuka kuingia Goma. Kitambulisho kikamuanguka kwa haraka.

Uwera, tulisikia vilio kutoka kwa mama tukiwa bado barabarani. Vilio vya msiba! Pulchérie akaketi chini juu ya mawe. "Mama amekufa. Amekufa sababu yangu." Nikamuinua kwa nguvu.

Ndani tukamukuta mama muzima, katikati ya majirani wanaolia. Pulchérie akamushika mikono. Mama akaivuta nyuma.

"We nani? Mutoto wangu amekufa, wametangaza. Kama ni we, imba."

Akaimba wimbo mumoja wa yule mwimbaji. Mama akasikiliza mpaka kwenye kiitikio.

"Ni yeye," akawaambia majirani. "Hapo ndipo anakosea siku zote."

Na ndipo mama akaanza kulia.