Washirazi Wawili wa Edmonton

Jumamosi. Jua la Julai limewaka, London nzima imevua makoti. Mimi roho yangu imejifunika gubigubi.

Nina hasira na baba yangu. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia nivute subira.

Mwezi uliopita wazee wa Amisi walileta posa, wamevaa kanzu zao, na sinia ya halua mkononi. Amisi anaswali, ana kazi, ananipenda. Baba akawanywesha kahawa, kisha akawaambia sisi ni Washirazi wa Makunduchi, asili yetu Uajemi, na binti yake haolewi na Mmanyema wa Kongo. Akamalizia na methali yake: "Mwacha mila ni mtumwa." Alilitamka neno la mwisho huku anawatazama. Wazee wa watu wakaweka vikombe chini, wakaaga.

Na Baba ndiye walii wangu. Bila yeye kukubali, sina ndoa.

Leo kwetu Makunduchi, Unguja, ni Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka wetu mpya, watu wanachapana makuti ya migomba. Baba kaoga alfajiri, kavaa kanzu mpya, kataka nimpeleke kwenye duka la Muajemi hapa mtaani Edmonton, karibu na stesheni, akampe mkono wa mwaka. Mimi ndiye niliyemwambia kuwa mwenye duka ni mzaliwa wa Shiraz khasa. Nilimpeleka kwa makusudi, sifichi.

Baba akamtakia heri ya mwaka mpya, mimi nikatafsiri. Muajemi akacheka. Mwaka wao huingia Machi, miti ikianza kuchipua.

Lakini si mtu mbaya. Akatumiminia chai, akausimulia mji wake: michungwa ikitoa maua njia zote hunukia, uliwahi kuwa makao ya wafalme, mitetemeko ikauangusha, ukajengwa tena, jioni watu huenda kukaa kwenye makaburi ya washairi na chupa za chai, na watoto, kama wanakwenda harusini. Ati Washirazi wanasifika kwa uvivu, ila hawajui kumrudisha mgeni mlangoni.

Hilo la mgeni nililitafsiri polepole.

Baba hakuwa na habari na hata moja ya hayo. Akajibu tu kwamba sisi na yeye damu moja. Muajemi akamtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo Baba alilowapa wazee wa Amisi.

Wallahi nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, sasa kaonja, ataelewa.

Wapi!

Tulipotoka nje akanishika mkono: "Yule si Mshirazi, mwanangu. Hata Mwaka haujui."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakutaka kukatika.

Huenda babu zetu walitoka huko kweli. Huenda lilikuja jina tu. Sijui, na sasa sijali. Mji wenyewe hauna habari nasi, na sisi tunawatukana watu kwa ajili yake.

Amisi ameniambia wazee wake hawarudi tena nyumbani kwetu. Siwalaumu.

Kesho nakwenda msikitini kumwomba sheikh anisimamie ndoa, kwani walii akifa au akiwa mbali, sheikh hushika nafasi yake. Najua ataniuliza kwanza kama baba yangu yu hai.

Yu hai, nitamwambia, na afya tele. Ila anaishi Shiraz.