Dakika mbili na nusu za Mama Aline

Jumapili, alasiri. Mawingu yamelala juu ya kilima cha Kiriri tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto limebana na miguu inawaka moto.

Nilidhani wasiwasi huisha mashindano yakiisha. Wangu umezidi baada ya kufika.

Acha niandike kwa utaratibu, maana nikikiachia kichwa kiende chenyewe nitakuwa nimeshajipa haki kabla ukurasa haujaisha. Najijua.

Leo nilibeba bendera. Mbio zenyewe ni kilomita ishirini na moja, kutoka mjini hadi karibu na daraja la Rusizi, halafu kurudi. Kila kundi lina mtu mmoja wa kushika mwendo, amefungwa kibendera mgongoni chenye muda ambao atafika nao. Changu kiliandikwa 2:30, yaani masaa mawili na nusu, kundi la mwisho kabisa. Kazi yangu ilikuwa kwenda mwendo mmoja tu, dakika saba na sekunde sita kila kilomita, ili anayenifuata afike kabla ya saa tatu asubuhi. Saa tatu barabara inafunguliwa, malori ya kutoka mpakani Gatumba yanapita, mstari wa mwisho unakunjwa. Ukifika baada ya hapo ni kama hukuja: hakuna medali na jina haliandikwi.

Walinichagua mimi kwa sababu ya vipimo. Nauza vipuri vya pikipiki katika duka la baba hapa Buyenzi, na mi si mtu wa "inakaribia." Ukiniomba nati ya kumi, sikupi ya kumi na moja. Mazoezini nakimbia kilomita kumi na zote zinafanana. Wenzangu wa klabu wananicheka kwa hilo, lakini ndio hao hao walionipendekeza.

Nyuma yangu walikuwa kumi na moja wa klabu yetu, na mmoja wao ni Mama Aline. Ana miaka hamsini na tatu, anafanya kazi serikalini, anakaa Mutanga Sud. Amejaribu mbio hizi mara mbili, na mara zote mbili malori yalimkuta njiani. Mwaka huu alisema ni mara ya mwisho, akishindwa viatu anampa binti yake na habari ya kukimbia imekwisha. Ijumaa alinishika mkono, akaniambia, "Mi sitaangalia saa, mutoto yangu. Nitaangalia mugongo yako tu."

Tangu Ijumaa sijalala vizuri.

Klabu yetu ina namna yake ya kukimbia. Jumapili za kawaida tunakwenda kwa mistari, tunaimba. Dezire, kapiteni wetu, ni mwalimu wa shule ya msingi na sauti yake haijui kuchoka. Yeye anaanzisha, sisi tunaitikia. Wimbo ndio saa yetu. Maadamu unaweza kuitikia, mwendo ni wa haki, na sauti zikianza kukatika Dezire anapunguza bila kuuliza mtu. Tena tuna desturi tunayoiita kuokota. Wa mbele wakifika juu ya kilima hawakai kupumzika, wanageuka, wanashuka hadi kwa wa mwisho, halafu wanapanda tena nyuma yake. Mimi mwenyewe mwezi wangu wa kwanza niliokotwa mara sita kwenye kilima cha Kiriri, na aliyekuwa wa kwanza kugeuka kila mara ni Mama Aline.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Kilomita ya kwanza ilikuwa na msongamano, ikanila sekunde ishirini. Ishirini tu. Mtu mwenye akili angezirudisha polepole hadi Rusizi na hakuna ambaye angejua. Mi nikaingiwa na hofu. Niliyaona malori, nikauona mstari unakunjwa, nikamwona Mama Aline amesimama kando ya barabara bila la kumwambia binti yake. Nikaongeza mwendo. Nilipozirudisha zile ishirini, nikasema akiba kidogo si mbaya. Halafu nikaendelea kuweka akiba.

Kilomita ya sita Dezire akanisogelea. "We dada, hatuko mbio kidogo?"

"Tuko sawa," nikamjibu.

Hatukuwa sawa. Saa ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimetoka kuitazama.

Kilomita ya nane wimbo ukakatika. Dezire aliimba peke yake mstari mzima na nyuma hakuna aliyeitikia, ilisikika pumzi tu na viatu. Hakuna mtu wa klabu yetu asiyejua maana yake. Nikajiambia ni joto.

Tulipogeuza karibu na daraja, tulikuwa mbele ya muda kwa dakika mbili na nusu. Baba husema ukikaza nati kwa pupa unaikata meno. Maneno hayo nayasikia tangu utotoni, na wateja nawaambia mwenyewe kila wiki.

Kilomita ya kumi na nne Mama Aline akaachia. Hakuanguka wala hakulalamika. Nilisikia mmoja anasema, "Mama Aline amebaki." Kisha Dezire: "Turudi tumuokote." Na watu kumi wazima, katikati ya mashindano, wakageuka wakaanza kukimbia kuelekea Gatumba, kule tulikotoka. Polisi wa pikipiki aliyekuwa anafunga msafara alipuliza filimbi mpaka akachoka.

Jamani, nani anakimbia mashindano kwa kurudi nyuma? Nilikasirika kweli. Bado nimekasirika kidogo, hata sasa.

Mi sikugeuka.

Tulipofundishwa kazi hii tuliambiwa bendera haisubiri mtu, kwa sababu kuna wengine usiowajua wanaoitegemea. Ni kweli. Walikuwepo watatu nisiowajua, na nilishikilia hao watatu kwa nguvu zote. Lakini kilomita ya kumi na sita walinipita, wakaenda zao, wana nguvu zao. Kuanzia hapo bendera yangu haikuwa inaongoza mtu yeyote, na bado nilikwenda nayo.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Ile akiba bado nilikuwa nayo yote. Dakika mbili na nusu. Pengine zingetosha kumngoja Mama Aline apumue, anywe maji, tuondoke sote. Pengine zisingetosha. Ninachojua ni nilichozifanyia. Kilomita tatu za mwisho, kando ya ziwa, nilipunguza mwendo makusudi, peke yangu, nikizimaliza kidogo kidogo ili nisifike mapema. Bendera ya 2:30 ikifika 2:27 inamwaibisha aliyeibeba.

Nilifika kwa masaa mawili, dakika ishirini na tisa na sekunde arobaini na nane. Mwandaaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba huyu dada ni saa ya ukutani. Watu wakanipigia makofi. Kwenye picha nimecheka.

Wenzangu walifika saa tatu na dakika kumi na nne. Walikuja kwenye ukingo wa barabara, malori yakiwapita, wote kumi na moja, wanaimba. Mstari ulikuwa umeshakunjwa na vijana walikuwa wanapakia meza kwenye gari. Aline alikuwa amemshikia mama yake soda, imeshapata joto.

Hakuna aliyenitukana. Dezire aliutazama mkono wangu, pale penye saa, halafu akatazama pembeni. Mama Aline akaja akaniwekea kiganja shavuni.

"Apana kulia, mutoto yangu. We ulienda sawa. Ni mwili yangu ndiyo imechoka. Uzee huu."

Akakaa chini kwenye ukingo, akafungua kamba, akampa Aline viatu. Akaondoka na kandambili.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja na nikanyamaza.

Tangu saa sita niko chumbani. Nimemwandikia ujumbe mara tatu na mara tatu nimeufuta. Kila nikianza, mkono unatafuta maneno mazuri: kulikuwa na joto, msongamano ulikuwa mkubwa, sheria ya bendera ni hiyo. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililomchosha. Mama Aline hajachoka kwa uzee. Amekimbia kilomita kumi na nne kwa mwendo ambao hajawahi kuukimbia maishani, akitazama mgongo wangu, kwa sababu aliniamini. Kwa mwendo tuliokubaliana huenda angefika. Huenda asingefika, lakini angelijua hilo kwa miguu yake mwenyewe.

Nikisema, bendera sitaigusa tena. Klabu nzima itajua kwamba yule dada wa vipimo aliingiwa na hofu kwa sekunde ishirini, akamdanganya kapiteni wake mchana kweupe. Naogopa hilo, sitajificha. Naogopa hata jinsi watakavyonitania, maana utani wa watu wetu hauzeeki.

Nikinyamaza, kuna mama ambaye tangu leo anaamini amezeeka. Ataacha kutoka Jumapili, atakaa nyumbani, na kila atakaponiona atanihurumia mimi.

Hiyo siwezi. Nimejaribu tangu saa sita na siwezi.

Mama Aline hasomi blogu hii. Dezire anaisoma, kila nikiandika ananiletea makosa yangu ya herufi kama ya wanafunzi wake. Nikichapisha haya hatakaa nayo hata nusu saa. Kwa hiyo nachapisha sasa hivi, wala sirudii kusoma. Sina njia nyingine ya kujizuia nisigeuze mawazo kati ya Buyenzi na Mutanga Sud. Nimeshavaa. Saa iko mkononi na ndani yake kilomita zote zimo, moja baada ya nyingine, na muda wake. Nitakaa kando ya Mama Aline nimwonyeshe kuanzia ya pili.

Dezire, ukifika hapa usimpigie simu. Niko njiani.