Filimbi ya Kumzomea Pell

London, Februari 1774

Dada Hester mpendwa,

Hatujambo sote, na ile jibini yako imefika salama. Amos mume wangu ameshaimaliza nusu.

Ulinituma nikamzomee Josias Pell siku ya kwanza ya komedi aliyoitunga, kwa vile alikuposa kisha akakuacha. Nilikwenda. Nilikaa roshani ya juu, filimbi yako mkononi.

"Puliza wewe tu," Amos akanichochea, "wenzako watadakia, mchezo uzikwe leo leo!"

Wala sikuwa na haja ya haraka. Sehemu ya kwanza ilikuwa mbovu, maganda ya machungwa yakaanza kuwanyeshea waigizaji. Ndipo akatokea jukwaani mjane mmoja mwenye ulimi mkali, akamwambia mchumba wake, "Hebu vua hilo wigi, bwana, liongee lenyewe. Kichwa kimeshindwa!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, mabibi wakubwa kwa watumishi wao. Watu wakapiga kelele, "Rudia! Rudia!" Nami nilicheka mpaka filimbi ikaniponyoka. Kisha nikakumbuka: maneno yale ulimwambia Pell jikoni kwetu, mikono yako imejaa unga. Na kila alichosema mjane baada ya hapo kilikuwa chako, dada. Ndicho pekee walichokishangilia.

Najua bado unalia, ingawa huniandikii hayo. Filimbi nakurudishia. Njoo umzomee mwenyewe, maana mimi nikipuliza nitakuwa nakuzomea wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Keziah