Bawa Linalovuta Kushoto

Shoga, uko? Acha unachofanya.

Niko ufukweni, nimekuja kwa muuzaji wa mitumba kujaribu mabawa ya kutelezea majini, yale ya kitambaa unayoshika mkononi upepo ukuvute, ninunue jingine. Si unajua langu lilipeperushwa na upepo mume wangu alipolifunga vibaya juu ya gari? Ndivyo alivyoniapia.

Muuzaji kanipa dogo, halina nguvu. Kanipa kubwa, likanibwaga. La tatu, shoga, nilipolishika tu likavuta kushoto. KUSHOTO! Kama langu!

Nikasema labda ni wasiwasi wangu. Nikaligeuza. Kiraka! Kile cha kitambaa cha mwavuli wenye maua, tulichobandika mimi na wewe sebuleni kwako!

Nikamuuliza muuzaji, kwa upole kabisa, "Hili umelitoa wapi?"

"Kuna bwana mmoja kaniletea. Alisema mkewe ameacha mchezo."

Ameacha mchezo! Mimi! Na siku ile aliponiambia limepeperuka nililia, akanifuta machozi yeye mwenyewe.

Kumbe ndiyo maana tangu tufike hapa mume wangu kagoma kushuka garini. Eti jua kali. Jua gani, na mawingu yote haya?

Ngoja. Namfuata na bawa langu mkononi, nimwambie ashuke aje anisaidie kuchagua.